Sumu, kiu na dagaa: mambo yanayoharibu vipimo vya figo kwa panya wa kisukari

Panya aliyechomwa streptozotosini, dawa ya kumpa panya kisukari, Jumatatu, kisha Ijumaa akakutwa na protini kwenye mkojo, hajakuonyesha figo iliyoharibiwa na kisukari. Amekuonyesha figo iliyoharibiwa na streptozotosini. Dawa hiyo huingia kwenye seli za beta za kongosho, zinazotengeneza insulini, kwa kupitia mlango wa glukosi uitwao GLUT2, ikaharibu DNA mpaka seli inakufa. Mlango huohuo upo kwenye mirija ya figo. Kwa hiyo siku za mwanzo mirija hupigwa moja kwa moja, bila sukari kuhusika, na huhitaji wiki mbili hadi tatu kutulia. Anayeanza kumnywesha panya maji ya magome siku ya tatu, akapima siku ya kumi na nne na kuandika kwamba mti umelinda figo, huenda amegundua kitu kinachosaidia figo iliyolishwa sumu. Nacho kina maana yake, lakini si kisukari.

Haya nawaandikia wadogo zetu wa Tabora na Kigoma wanaopenda mada ileile ya utafiti: mti fulani wa dawa, panya, kisukari, figo. Mada ni nzuri. Miti tunayo, wagonjwa tunao, na wagonjwa hao hunywa dawa ya hospitali asubuhi na ya mizizi jioni. Kinachoangusha kazi ni mambo ya chini kabisa: maji, pumba, joto, friza. Hayo vitabu huyapitia mbiombio, kwa sababu vimeandikwa kwa watu ambao umeme haukatiki kwao.

Kumpa panya kisukari bila kumuua

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kiswahili kinamwita panya yule wa gramu 25 na yule wa gramu 250 pia. Kwenye maabara hao ni wanyama wawili, na dozi zao haziingiliani. Panya mkubwa, mathalani dume wa aina ya Wistar wa gramu 200 hadi 250, hupewa streptozotosini miligramu 50 hadi 65 kwa kilo, mara moja. Panya mdogo hupewa miligramu 50 kwa kilo kila siku kwa siku tano mfululizo. Wapo wanaompa dozi moja ya 150 au zaidi, lakini hiyo huumiza figo na ini kupita kiasi, na kwa kazi ya figo siipendekezi. Ukichukua dozi ya mdogo ya mara moja ukampa mkubwa, andaa shimo la kuzikia. Na tumia madume: majike hustahimili dawa hii zaidi, utapata kundi ambalo nusu wana kisukari na nusu hawana.

Bafa, yaani maji ya kuyeyushia dawa yanayoshikilia kiwango cha asidi kisibadilike, ni ya sitreti, 0.1 M, pH 4.5. Pima asidi ya sitriki yenye molekuli moja ya maji gramu 2.10 kwenye mililita 100 za maji yaliyotoneshwa. Chupa nyingine weka trisodiamu sitreti yenye molekuli mbili za maji gramu 2.94 kwenye mililita 100. Changanya karibu mililita 54 za kwanza na 46 za pili, kisha rekebisha kwa mita ya pH, si kwa karatasi. Bafa ikae baridi. Poda ikae friza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, mbali na mwanga na unyevu, na chupa isifunguliwe kabla haijafikia joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utagandia ndani. Yeyusha kiasi cha panya wachache tu kwa wakati mmoja, maana ndani ya dakika 10 hadi 15 dawa imeanza kupungua nguvu. Ukiona vipovu vinapanda kwenye kichupa, hiyo inavunjika. Mwaga, tengeneza nyingine. Panya wa gramu 220 kwa dozi ya miligramu 55 kwa kilo anahitaji miligramu 12.1, kama mchanganyiko una miligramu 20 kwa mililita, ni mililita 0.6. Kundi la ulinganisho hupewa bafa tupu kwa ujazo uleule.

Dawa hii huharibu DNA ya binadamu pia. Glavu mbili, barakoa, na kupima poda ndani ya kabati lenye kuvuta hewa. Maranda ya siku mbili za kwanza yana mabaki ya dawa kutoka kwenye mkojo, yasitupwe jalalani pamoja na mengine.

Kabla ya sindano panya hukaa bila chakula saa 4 hadi 6. Baada yake ndipo wengi hupoteza wanyama bila kujua sababu. Seli za beta zikifa humwaga insulini yote iliyokuwa imehifadhiwa, na kati ya saa chache na siku mbili sukari ya damu huanguka vibaya. Asubuhi unakuta panya wamekakamaa, unasema dawa ilikuwa kali. Hawakufa kwa dawa, walikufa kwa kukosa sukari. Weka maji ya sukari ya asilimia 10 kwa saa 24 hadi 48 na urudishe chakula mara baada ya sindano.

Saa 72 baadaye pima sukari kwa tone la damu la mkiani. Wengi huweka mpaka wa milimoli 16.7 kwa lita. Hiyo ni miligramu 300 kwa desilita. Glukomita za kawaida zikipita milimoli 33.3 huandika tu kwamba iko juu, hazitoi namba. Usiandike 33.3 ukafanya ndiyo wastani wako. Peleka plazma kwenye mashine ya kemia. Jambo jingine: panya wa kisukari aliyekauka ana damu nzito, na damu nzito huifanya glukomita isome chini ya ukweli. Na damu iliyokaa kwenye mrija bila kutenganishwa hupoteza sukari yake, asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na kwa joto letu zaidi ya hapo.

Kwa utafiti wa zaidi ya wiki nne, panya hawa wanahitaji insulini kidogo ya muda mrefu, kama yuniti 2 hadi 4 kwa panya mkubwa, mara kadhaa kwa wiki. Haikusudiwi kuwaponya, inazuia wasikonde hadi kufa, sukari ikabaki juu. Aliyepoteza asilimia 20 ya uzito auawe kwa njia isiyo na maumivu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kibali cha maadili huombwa kabla ya kununua panya, si wakati wa kuandika ripoti.

Maji, joto, chakula na maranda

Panya mkubwa mzima hunywa mililita 25 hadi 40 kwa siku. Akipata kisukari anaweza kupita 100, na mkojo wake, uliokuwa mililita 10 hadi 20, nao hupita 100. Chupa moja ya mililita 250 kwa kizimba cha panya watatu haifiki asubuhi. Usiku kucha wanakauka, na asubuhi unapopima damu, urea na kreatinini, taka ambazo figo huzitoa kwenye damu, zimepanda. Hapo umepima kiu. Weka chupa mbili kwa kila kizimba, angalia jioni, na maranda yabadilishwe kila siku kwa sababu yataloa. Kundi la ulinganisho nalo libadilishiwe kila siku, maana kushikwashikwa huko ni usumbufu, na usumbufu unapaswa kuwa sawa kwa wote.

Joto la Tabora la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ni adui wa kazi hii. Panya wa maabara hutunzwa kwenye nyuzi 20 hadi 24. Chumba chenye paa la bati na dirisha la magharibi hupita hapo mchana kutwa. Kama hakuna kiyoyozi cha uhakika, panga kazi ianze mwezi Mei ili wiki za mwisho, zile za vipimo vikubwa, ziangukie Julai. Wanyama waliosafirishwa kutoka Morogoro au Dar es Salaam wapumzike angalau siku saba, bora kumi na nne, kabla ya sindano.

Sasa dagaa. Chakula cha panya kinachochanganywa huku hupata protini yake kwenye dagaa wa Ziwa Tanganyika, na sina ugomvi na dagaa. Tatizo ni kwamba protini ya chakula inapopanda, kasi ya figo kuchuja damu hupanda nayo. Gunia la Machi lenye dagaa wengi na gunia la Juni lililojaa mahindi na pumba yatakupa figo mbili tofauti kwa panya walewale. Nunua mchanganyiko wa kipindi chote kwa mara moja, saga pamoja, hifadhi pakavu, na kila kundi lile kutoka gunia lilelile siku ileile. Dagaa wa chumvi wasiingie kabisa.

Wanaotengeneza kisukari cha aina ya pili hulisha mafuta mengi kwa wiki kadhaa, kisha dozi ndogo ya streptozotosini, kama miligramu 30 hadi 35 kwa kilo. Kigoma mtu atafikiria mawese, kwa kuwa yapo mlangoni. Mawese mekundu yana karotini na vitamini E kwa wingi, navyo hupunguza madhara ya oksijeni kali, ambayo ni sehemu ya madhara yenyewe unayoyachunguza kwenye figo. Tumia mafuta ya mnyama, au mawese yaliyosafishwa hadi kuwa meupe, na uandike ni yapi.

Maranda ya fundi seremala huja yamechanganyika: mninga, mkurungu, msonobari, wakati mwingine ubao uliopakwa dawa ya mchwa. Harufu ya msonobari na mwerezi inajulikana kuchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa. Omba maranda ya mti mmoja usio na harufu, yaanike vizuri, na wote walale humo.

Mkojo

Kizimba cha kukusanyia mkojo kina sakafu ya wavu na koni inayotenganisha mkojo na kinyesi. Mwache panya azoee siku nzima, kisha kusanya saa 24 zinazofuata. Siku ya kwanza ana wasiwasi, anakula kidogo, na namba zake hazifai. Chembe za chakula zikidondokea kwenye mkojo huleta protini ya dagaa tuliowasema.

Kwenye joto, mkojo hukauka ndani ya mrija. Kwa panya mdogo anayetoa mililita 1 hadi 2 kwa siku, robo ikipaa umepoteza kipimo cha ujazo. Weka mrija kwenye barafu na juu ya mkojo matone machache ya mafuta ya parafini yasiyo na rangi. Kisha zungusha kwenye sentrifyuji, chukua sehemu safi ya chini ya mafuta, gawa kwenye vichupa vidogo. Albumini, protini ya damu ambayo figo iliyoumia huivujisha kwenye mkojo, hupotea ikigandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda mrefu. Nyuzi 80 chini ni salama zaidi, na kupima ukiwa mbichi ni salama kuliko yote. Kujua kama friza iliyeyuka usiku umeme ulipokatika, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu. Ukikuta sarafu imezama, sampuli zimeyeyuka na kuganda tena, na hakuna haja ya kumuuliza mlinzi.

Vijiti vya kupima mkojo vya zahanati achana navyo. Panya dume, mkubwa na mdogo, hutoa protini nyingi za harufu kwenye mkojo akiwa mzima kabisa, kwa hiyo kijiti husema ana protini hata asiye na ugonjwa. Kipimo cha jumla ya protini kina kasoro hiyohiyo. Unachotaka ni albumini, kwa ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili kuinasa, chenye kingamwili ya albumini ya mnyama huyo huyo. Kifaa cha albumini ya binadamu kinaweza kisiitambue ya panya, ukapata sifuri nzuri ya uongo.

Kosa lingine ni kuripoti kiwango cha albumini kwa mililita. Chukua mfano: panya mzima ana mikrogramu 30 kwa mililita na mkojo mililita 12, jumla mikrogramu 360 kwa siku. Mwenye kisukari ana 15 tu kwa mililita, lakini mkojo mililita 120, jumla 1,800. Kwa mililita anaonekana nafuu mara mbili. Kwa siku amezidi mara tano. Ripoti kwa saa 24, au kwa uwiano na kreatinini ya mkojo huohuo.

Kreatinini, na kwa nini siipi heshima

Mashine nyingi za hospitali hupima kreatinini kwa njia ya Jaffe, ya mwaka 1886: pikreti kwenye alikali hugeuka rangi ya machungwa. Shida ni kwamba hugeuka pia kwa glukosi, kwa asetoasetati (aina ya ketoni, mabaki ya mafuta yaliyovunjwa) na kwa vitamini C. Panya wa kisukari ana glukosi na ketoni tele. Panya uliyemnywesha majani ana vitamini C pengine. Kwa panya mdogo hali ni mbaya zaidi. Kreatinini yake halisi ya plazma ni kama miligramu 0.1 kwa desilita, na Jaffe inaweza kusoma mara tatu au nne ya hapo. Sehemu kubwa ya namba si kreatinini. Njia ya vimeng'enya ni bora, ingawa ile inayotumia peroksidasi husomwa chini panapokuwa na vitamini C.

Halafu kreatinini hutoka kwenye misuli, na panya wa kisukari amekonda. Misuli ikipungua, kreatinini hushuka hata kama figo imeharibika. Urea nayo hupanda kwa sababu mwili unavunja protini zake. Kwa hiyo ripoti yenye urea na kreatinini peke yake, hata ikiwa na nyota tatu za takwimu, mimi huisoma kama ripoti ya lishe.

Kipimo kinachoaminika cha kuchuja ni inulini, sukari ya mimea inayopita kwenye kichujio bila kunyonywa wala kuongezwa na mirija. Inulini iliyofungwa rangi inayong'aa huchomwa mara moja kwenye mshipa, kisha matone ya damu ya mkiani huchukuliwa kwa dakika 3, 7, 10, 15, 35, 55 na 75, na kasi ya kupungua hukokotolewa kwa mkunjo wa awamu mbili. Mwanga wa rangi hiyo hubadilika na pH, hivyo kila sampuli iingizwe kwenye bafa ya HEPES ya pH 7.4 kabla ya kusoma. Rangi isiyoshikamana iondolewe kwa kuchuja kwenye mfuko wa dayalisisi usiku kucha, kwenye giza. Kinachohitajika ni kisomaji cha mwanga, na chuo kikubwa huwa nacho. Plazma husafiri kwenye barafu.

Usishangae ukikuta kasi ya kuchuja imepanda. Kisukari cha mwanzo huifanya figo ichuje kupita kiasi, kwa binadamu na kwa panya. Panya wengi wa streptozotosini hawafikii kabisa kushindwa kwa figo. Vigezo vinavyokubalika vya mfano kamili wa panya ni kuchuja kupungue kwa zaidi ya nusu na albumini ipande zaidi ya mara kumi, pamoja na mabadiliko ya wazi chini ya darubini. Mifano michache sana hufika. Aina ya panya mdogo iitwayo C57BL/6, inayopatikana kirahisi kuliko zote duniani, ni sugu mno. Aina nyingine, DBA/2, huumia zaidi.

Figo yenyewe

Figo hukua kwenye kisukari, basi ipime. Lakini usigawe kwa uzito wa mwili, kwa sababu mwili umekonda na uwiano utapanda hata kama figo haijakua. Gawa kwa urefu wa mfupa wa muundi, ambao haukondi. Kata figo kwa urefu ili formalini ya asilimia 10 yenye bafa ifike ndani, ujazo mara 10 hadi 20 wa nyama, saa 24, kisha hamishia kwenye alkoholi ya asilimia 70. Vipande viwe vya mikroni 2 hadi 3. Vya mikroni 5 huficha seli kwa kupandana, na mtu ataona mesanjiamu, tishu ya katikati ya vichujio vya figo, imeongezeka kumbe ni unene wa kisu. Hesabu angalau vichujio 30 kwa kila panya, na anayehesabu asijue ni kundi gani.

Kwenye rangi ya PAS, inayopaka vitu vyenye sukari, utaona pia mirija yenye seli zilizovimba, nyeupe au zenye doa la zambarau. Hiyo ni glaikojeni iliyojaa kwa sababu ya sukari, si kovu. Weka kipande jirani kwenye diastasi, kimeng'enya kinachovunja glaikojeni, kwanza; glaikojeni itaondoka, kovu litabaki.

Mti wako unalinganishwa na nini

Magome yana historia kwenye jambo hili. Mwaka 1835 kemikali iitwayo florizini ilitolewa kwenye gome la mtofaa. Baadaye ilijulikana kwamba humfanya mnyama akojoe sukari, na kutokana na njia hiyo zikatengenezwa dawa za kuzuia SGLT2, mlango unaorudisha sukari kutoka kwenye mirija ya figo hadi kwenye damu. Jaribio la kanagliflozini, mojawapo ya dawa hizo, lililochapishwa mwaka 2019, lenye wagonjwa 4,401, lilionyesha figo zao zikidumu zaidi. Kwa hiyo mti unaoongeza sukari kwenye mkojo usiutupe haraka; pima sukari ya mkojo pia.

Makundi matano ndiyo machache kabisa ninayoyakubali: wazima, wa kisukari bila dawa, wa kisukari na mti, wa kisukari na insulini ya kutosha kuishusha sukari hadi pale mti ulipoifikisha, na wa kisukari na losatani, dawa ya shinikizo la damu inayotumika kulinda figo. Mti uanze wiki ya nne, sumu ikishatulia. Kama kundi la insulini na la mti yana albumini sawa, mti umeshusha sukari tu. Kama la mti liko chini zaidi, hapo kuna la kufuatilia. Na kama albumini haishuki hata kwa kundi la insulini, rudi mwanzo: huenda bado unaangalia sumu.

Losatani, miligramu 10 kwa kilo kwa siku, itolewe kwa bomba la kumnyweshea mdomoni. Usiiweke kwenye chupa ya maji. Panya wa kisukari hunywa mara tatu au nne ya mzima, na yule mwenye sukari kubwa zaidi ndiye atakayepata dawa nyingi zaidi.